Pesa Imetoka, Mbona Haijaonekana?

Ni saa moja asubuhi kwenye ufuo wa Dunga, hapa Kisumu. Mama mmoja muuzaji wa omena amemaliza kuhesabu pesa ya jana. Ni wiki ya mwisho ya Machi. Ikifika tarehe 1 Aprili uvuvi wa omena unafungwa hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaliane, kwa hivyo kila shilingi anayoshika sasa ina kazi yake. Elfu sita na mia tano ni ada ya mtihani ya binti yake aliye chuo cha ufundi. Siku ya mwisho ya kulipa ni Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Anatoa simu. Anaweka nambari ya biashara ya chuo, nambari ya akaunti, kiasi, PIN. Sekunde chache tu ujumbe umeingia: malipo yamekubaliwa. Anarudisha simu kwenye leso na kuendelea na kazi.

Saa nne binti anapiga.

"Mama, ofisini wanasema hawajaona kitu."

"Hawajaona aje? Nimelipa asubuhi. Ujumbe si huu hapa ninao."

"Wanasema kwenye mfumo wao bado niko na deni. Ijumaa ikipita sitaandikishwa."

Mama huyu ni wa mfano, lakini ukikaa kwenye foleni yoyote pale Oile, Kondele au Mamboleo utamsikia. Pesa imetoka kwa simu, ujumbe uko, na aliyelipwa anasema hajaona. Wengi wetu hapo huwaza mambo mawili: ama nimeibiwa, ama nitume tena. Mara nyingi yote mawili si sawa. Ili ujue la kufanya, inabidi ujue pesa yako hupitia wapi ikitoka mfukoni hadi ionekane mbele ya jina lako. Makala hii inakupeleka safari hiyo, kituo kwa kituo.

Vitabu vitatu, lugha tatu

Ukilipa taasisi kubwa kama chuo, hospitali, kampuni ya maji au kaunti, malipo yako huandikwa kwenye vitabu visivyopungua vitatu. Kitabu cha kwanza ni chetu, kampuni ya malipo ya simu. Cha pili ni cha benki ambako taasisi hiyo ina akaunti. Cha tatu ni cha taasisi yenyewe, pale wanapoandika nani amelipa na nani bado.

Shida ni kwamba vitabu hivi viliandikwa na watu tofauti, miaka tofauti, kwa kazi tofauti. Kitabu chetu kinamjua mteja kwa nambari ya simu. Benki inajua nambari ya akaunti ya benki. Chuo kinamjua mwanafunzi kwa nambari ya usajili. Sisi hatujui binti yako ni nani. Chuo hakijui simu yako ni ipi, na pengine leo umelipa kwa simu ya jirani. Kila kitabu ni kizuri kikiwa peke yake, lakini hakisomi cha mwenzake.

Kwa hivyo lazima kuwe na kitu katikati ambacho wote watatu wanakielewa. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na hapo ndipo pesa hukwama.

Somo kutoka bandari ya Kisumu

Watu wa Kisumu wana mfano mzuri wa jambo hili, tena umeegeshwa pale bandarini. Reli ilifika ufuo huu Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Hapo reli iliishia majini. Mzigo wa kwenda Uganda ulishushwa kutoka kwa behewa, ukapakiwa kwenye meli, ukavushwa, halafu ukashushwa tena ng'ambo. Kila ukishushwa na kupakiwa kuna gunia linalopotea, kuna hesabu inayokosewa, na kuna siku zinazoliwa.

Katika miaka ya 1960 zikaja meli za kubeba mabehewa, MV Umoja na MV Uhuru. Meli hizi zina reli juu ya sitaha. Behewa linasukumwa kutoka gatini Kisumu hadi ndani ya meli likiwa na mzigo wake, na likifika Port Bell au Mwanza linasukumwa nje na kuendelea na safari. Hakuna wa kugusa gunia.

Jambo hilo liliwezekana kwa sababu moja ya kawaida kabisa: reli ya Kenya, ya Uganda na ya upande wa Tanganyika zilikuwa na upana mmoja, mita 1. Wenye reli hawakulazimika kuwa kampuni moja, wala treni zao kufanana rangi. Kilichotakiwa ni kipimo kimoja tu cha pamoja.

Sasa tazama kinyume chake. Reli ya SGR inayofika Naivasha ina upana wa milimita 1,435. Kontena likifika hapo likiwa linaelekea Malaba, lazima lihamishwe kwenye behewa la reli ya zamani. Reli zote mbili ni nzima, ila hazipatani kipimo.

Mifumo ya malipo iko vivyo hivyo. Swali la maana ni hili: je, mifumo hii inakubaliana kipimo, au kuna karani katikati anayeshusha magunia kwa mkono?

Vitu vitatu vinavyounganisha

Cha kwanza ni nambari ya akaunti. Ile sehemu ndogo unayojaza baada ya nambari ya biashara ndiyo anwani ya malipo yako. Nambari ya biashara inapeleka pesa kwenye jengo. Nambari ya akaunti inaipeleka kwenye mlango wa chumba chako. Ukikosea ya kwanza, pesa inaenda kwa mtu mwingine. Ukikosea ya pili, pesa inafika kwenye jengo lakini inakaa hapo korido, haina mwenyewe.

Cha pili ni daraja lenyewe, yaani njia ambayo mfumo mmoja unauliza na mwingine unajibu bila mtu kuingilia. Wataalamu huiita API. Zamani taasisi ilipata orodha ya malipo kesho yake, na karani akaketi kuandika jina moja baada ya jingine. Safaricom ilipofungua jukwaa lake mwaka 2017 na kuliita kwa jina hilohilo, Daraja, hata taasisi ndogo zikaweza kuunganisha programu zao na M-Pesa bila kungoja miezi.

Daraja hili lina hatua mbili, na inafaa kila mlipaji azijue. Hatua ya kwanza ni kuuliza kabla ya kupokea: "Kuna mtu anataka kulipa, ameandika akaunti hii. Mnaijua?" Mfumo wa taasisi ukijibu haiijui, malipo yanakataliwa na pesa yako haitoki. Hatua ya pili ni kuarifu baada ya kupokea: "Pesa imeingia, kiasi hiki, akaunti hii, saa hii."

Sasa kumbe hatua ya kwanza si ya lazima. Taasisi inaweza kuchagua kutoiweka, ikawa inapokea chochote kilichoandikwa, iwe nambari sahihi, jina la mtoto au hata salamu. Ndiyo maana ukikosea akaunti mahali pengine simu inakukatalia palepale, na mahali pengine inakubali kimyakimya. Kuna jambo jingine: hata taasisi iliyoweka hatua hiyo huamua mapema kifanyike nini seva yake ikilala, yaani malipo yapokelewe tu au yakataliwe. Kwa hivyo ujumbe wa "umelipa" haukuhakikishii kwamba akaunti uliyoandika ipo. Unakuhakikishia kwamba pesa imetoka kwako na imepokelewa na biashara hiyo.

Cha tatu ni msimbo wa muamala, zile herufi na tarakimu zinazoanza ujumbe wako. Kila malipo yana msimbo wake na haurudiwi. Kazi yake ni mbili. Kwanza, ndio jina ambalo vitabu vyote vinaliita tukio hilo moja. Sisi, benki na taasisi tukitafuta msimbo huo tunakutana kwenye mstari uleule. Pili, unazuia kuandikwa mara mbili. Mtandao ukikatika katikati, mfumo wetu hurudia kutuma taarifa. Taasisi yenye mfumo uliotengenezwa vizuri itaangalia, iseme, "Huu msimbo tayari ninao," na kuupita.

Jioni, au asubuhi inayofuata, huja kazi ya mwisho ambayo mteja haioni: kulinganisha vitabu. Taasisi inachukua orodha yetu, ya benki na yake, na kuziweka pamoja. Yaliyolingana yanapita. Yasiyolingana huwekwa kando kwenye kapu la malipo yasiyotambulika, mpaka mtu aje kuyadai.

Tarakimu 20 za stima

Mfano wa mifumo iliyopatana kipimo uko ukutani kwako. Ukinunua stima ya kulipia kabla, unatumia nambari ya biashara 888880 na akaunti ni nambari ya mita. Ukiwa na mita ya kulipa baada ya kutumia, ni 888888 na nambari ya akaunti iliyo kwenye bili. Watu huchanganya hizi mbili kila mwezi, kwa hivyo ziangalie kabla ya kubonyeza.

Tokeni inayokuja ina tarakimu 20. Kinachoshangaza ni kwamba mita yako ya Nyalenda haina intaneti wala laini ya simu. Haizungumzi na mtu. Sasa imejuaje umelipa? Ni kwa sababu mita na mfumo unaotoa tokeni zinafuata kanuni moja, iliyoanzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990 na sasa inatumiwa na mamilioni ya mita duniani. Ndani ya tarakimu hizo kuna kiasi cha stima na alama ya muda, vimefungwa kwa ufunguo ambao mita hiyo pekee inaweza kuufungua. Ndiyo maana tokeni ya jirani haifanyi kazi kwako, na tokeni ileile haiingii mara mbili.

Lakini kanuni ya pamoja nayo ina deni lake. Alama ya muda ilihesabiwa kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haingesasishwa kufikia siku hiyo ingekataa tokeni mpya. Ndio maana Kenya Power iliwatumia wateja mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza ya kusasisha mita, la tatu ndiyo stima yenyewe. Wengine walidhani ni matapeli, wengine wakaingiza la tatu kwanza na kulalamika limekataa. Hilo ndilo tatizo la vitu vya pamoja: vikihitaji marekebisho, kila mtu anahusika, hata asiyejua vipo.

Mlango mmoja wa serikali

eCitizen ilianza mwaka 2014 ikiwa na huduma chache. Mwishoni mwa Juni 2023 serikali ilizindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye jukwaa hilo, na mwaka huohuo malipo yake yakaelekezwa kwenye Paybill moja, 222222. Kabla ya hapo kila idara ilikuwa na nambari zake, na mwananchi alibaki kubahatisha kama hii iliyobandikwa ukutani ni ya serikali kweli au ni ya afisa fulani.

Faida ni wazi. Unakariri nambari moja. Kila ombi unaloanzisha linapewa rejeleo lake, nawe unaliweka kama nambari ya akaunti, au mfumo unakuletea ombi la malipo kwenye simu likiwa limejazwa kila kitu, unaweka PIN tu. Nafasi ya kukosea inapungua sana.

Hasara nayo tusiifiche. Mlango ukiwa mmoja, ukifungwa wote mnabaki nje. Wiki ya mwisho ya Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa kimtandao na huduma zikasumbua kwa siku kadhaa. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea, lakini mtu aliyekuwa na safari au biashara ya kusajili siku hizo anajua alichopoteza. Pia kuna swali la nani anashika ufunguo. Mapema 2024 ilipoagizwa kwamba karo za shule zilipwe kupitia eCitizen, agizo hilo lilipingwa mahakamani. Kuunganisha mifumo ni kazi ya mafundi, lakini nani apitishe pesa ya nani kwanza, hilo ni la watu wote kuliamua.

Uunganisho mwingine unaogusa kila nyumba ni wa afya. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, na michango hufungwa kwenye nambari ya kitambulisho. Ukikosea tarakimu moja ya kitambulisho, unaweza kuwa umemchangia mtu usiyemjua, na ukifika hospitalini ukiwa na mgonjwa ndipo unashtukia. Makosa ya namna hii ni bora uyagundue ukiwa mzima, umeketi nyumbani na chai.

Majirani zetu ng'ambo ya ziwa

Ukivuka ziwa hadi Mwanza utakuta njia tofauti kidogo, na inafaa kujifunza kwayo. Tangu 2017 Tanzania ina mfumo wa malipo ya serikali unaoitwa GePG. Huko, kabla hujalipa chochote cha serikali, unapewa kwanza namba ya malipo yenye tarakimu 12. Namba hiyo si yako wewe. Ni ya bili ile. Ndani yake mfumo tayari unajua anayelipa, anacholipia, kiasi gani na pesa iende akaunti ipi.

Tofauti inaonekana ndogo lakini ni kubwa. Mlipaji akiandika kitambulisho chake, jina lake au nambari ya usajili, mfumo unabaki kukisia anataka kulipia nini: ada ya mtihani au ya hosteli? Bili ikiwa na namba yake, hakuna kukisia. Aliyelipwa alishajua kabla hujalipa. Hapa kwetu rejeleo la eCitizen na nambari ya usajili wa malipo ya kodi, ile PRN ya KRA, hufuata wazo hilohilo. Taasisi ikikupa rejeleo la bili, litumie hilo, usitumie jina lako.

Mitandao nayo ilipatana

Wengi wamesahau tulikotoka. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka mingi ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipata msimbo tu, akalazimika kutafuta wakala wa mtandao wako ili atoe pesa. Aprili 2018 M-Pesa na Airtel Money ziliunganishwa, pesa ikawa inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya simu ya mpokeaji. Aprili 2022 ikafuata Till za biashara, hivi kwamba mteja wa mtandao mmoja aweze kumlipa mwenye duka wa mtandao mwingine. Kwa upande wa benki, Pesalink ilianza 2017 ikiwezesha kutuma kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, hadi Sh999,999 kwa mara moja.

Kwa mama wa Kibuye mwenye kibanda cha nyanya, hii ina maana hahitaji tena kumkataa mteja kwa sababu ya laini aliyo nayo. Lakini kila kiungo kinachoongezwa ni kituo kimoja zaidi katika safari. Malipo yanayovuka mitandao miwili na benki moja yana sehemu nyingi za kuchelewa kuliko yanayobaki ndani ya mtandao mmoja. Kuchelewa si kupotea.

Ukikwama, fuata hatua hizi

*Kwanza, soma ujumbe wako polepole.* Angalia mambo manne: jina la biashara, nambari ya akaunti uliyoandika, kiasi, na msimbo wa muamala. Mengi hujulikana hapo tu.

*Kama hukupata ujumbe, usilipe tena mara moja.* Angalia salio na taarifa ya akaunti yako kwanza. Ujumbe unaweza kuchelewa ilhali pesa imeshakwenda. 

*Biashara ni sahihi lakini akaunti umekosea? Nenda kwa taasisi.* Pesa iko kwao, kwenye lile kapu. Wapelekee msimbo, tarehe, kiasi, simu iliyolipa na nambari sahihi ya akaunti. Tuma ujumbe wenyewe jinsi ulivyo badala ya kuusoma kwa simu, maana herufi O na sifuri husikika sawa. Usiondoke bila risiti au jibu la maandishi.

*Biashara yenyewe umekosea? Tupigie sisi haraka,* kwa nambari rasmi ya huduma kwa wateja. Kwa malipo ya biashara, kurudisha pesa kwa kawaida huhitaji aliyepokea akubali, kwa hivyo kila saa ina maana. Ukiomba pesa irudishwe wakati taasisi ni sahihi na tatizo ni akaunti tu, unaanzisha safari ndefu bila sababu. Waombe waihamishe ndani kwa ndani.

*Usingoje siku ya mwisho.* Kapu la malipo yasiyotambulika hufunguliwa na binadamu, na binadamu huyo hufanya kazi saa za ofisi. Lipa siku tatu kabla, upate muda wa kurekebisha.

*Na jihadhari na "fundi wa mfumo".* Kila mifumo inapobadilika, matapeli hupiga simu: "Tunaunganisha akaunti yako na mfumo mpya, tuambie PIN." Hakuna mfumo wowote unaounganishwa kwa PIN yako. Vilevile, ombi la malipo likijitokeza kwenye simu na hujaomba kulipa chochote, lifute. Na usibandike picha ya ujumbe wako wa malipo mtandaoni ukilalamika. Umewapa matapeli jina, kiasi na msimbo, watakupigia wakijifanya sisi.

Kwa wenye chama, shule na SACCO

Kama wewe ndiye unayepokea malipo, una kazi ndogo itakayokuokolea Jumamosi nyingi. Wape watu wako nambari fupi za akaunti, za tarakimu tu. Epuka majina; Achieng wako kumi kwenye orodha moja. Kama programu yako inaweza kukagua akaunti kabla ya kupokea, mwambie fundi aiwashe. Bandika ukutani jinsi ya kuandika akaunti, kwa mfano halisi. Na fungua lile kapu kila siku, si mwisho wa mwezi. Ndani yake hakuna pesa ya bure, kuna mtoto wa mtu anayesubiri.

Tukirudi Dunga

Mama wetu alisoma ujumbe wake tena, safari hii polepole. Jina la chuo, sawa. Kiasi, sawa. Akaunti: aliandika jina la binti yake. Mfumo wa chuo haukuwekwa kukagua, ukapokea. Pesa ilikuwa benki ya chuo tangu saa moja na dakika chache.

Hakukopa ili atume tena. Alimtumia binti ujumbe ule, binti akaupeleka ofisini pamoja na nambari yake ya usajili. Mhasibu aliandika msimbo kwenye kompyuta, akaupata, kisha akampigia mama.

"Mama, pesa yako tunayo. Ilikuwa tu haina jina."

"Si nimeandika jina?"

"Ndiyo, lakini mfumo wetu unataka nambari. Nimeshaihamisha. Risiti anayo msichana."

"Asante, Mwalimu. Basi nitumie hiyo nambari."

Alipoipata aliihifadhi kwenye simu, kwenye orodha ya majina, chini ya jina la binti. Muhula ujao ataitoa hapo. Wewe pia, kabla hujafunga ukurasa huu, hifadhi zako: ya mita, ya maji, ya shule, ya kitambulisho cha kila mtu unayemlipia. Ni kazi ya dakika tano, na siku mgonjwa anasubiri au mtihani unafungwa, hutahitaji kukumbuka kwa kichwa.